Mawe ya Mto Kamo: siku nne kwa miguu mjini Kyoto

Siku ya kwanza: Kamigamo hadi Kitaoji

Basi la mji huu unapandia mlango wa nyuma na kulipa mbele ukishuka, yeni 230, iwe kituo kimoja au kumi. Nililijua hilo kwa aibu. Nilipanda na noti mkononi, natafuta konda. Hakuna konda, hakuna anayegonga bodi, hakuna wa kusema "twende, suka". Dereva alikuwa akitaja vituo kwa kipaza sauti, polepole na kwa upole, kama mtu anayemwombea mgonjwa.

Mafunzo yaliyonileta Kyoto yaliisha wiki iliyopita na ndege yangu ni Ijumaa. Wenzangu wamekwenda Osaka kununua simu na viatu. Mimi nimechagua mto, na sababu yenyewe iko Kigoma. Baba mkubwa, akiwa kijana, alifanya kazi na watafiti wa Kijapani kwenye milima ya Mahale: kufyeka njia, kubeba mizigo, kufuata sokwe kutwa nzima. Hadithi zake nyingi ni za sokwe, lakini moja ilikuwa ya mawe. Alisema Mjapani mmoja kila walipovuka kijito alikuwa hana budi kuinama, akainua jiwe na kuangalia chini yake. Walipomuuliza anatafuta nini akajibu, wadudu, kwetu kuna mto ndiko tulikoanzia. Baba mkubwa hakuelewa, nami sikuelewa. Mto wenyewe ndio huu, Kamo.

Nimeanzia kaskazini ya mji, kwenye daraja la Misono, nishuke na maji. Kabla ya kushuka kingoni niliingia Kamigamo, mahali pa ibada pa dini ya Shinto. Uani kuna vichuguu viwili vya mchanga mweupe, vimechongoka kama pia zilizopinduliwa, na juu ya kila kimoja kumechomekwa majani ya msonobari. Mchanga ule haujamwagika hata punje. Nilisimama pale nikiwaza ni nani anayeufinyanga upya baada ya mvua, maana hapa mvua hainyeshi kidogo, na majira yake ndiyo haya yanaingia, mwanzo wa Juni.

Mto wenyewe mwanzoni ulinivunja moyo kidogo. Aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika hutegemea maji yawe mengi. Haya yalinifika magotini, meupe, yakipita juu ya changarawe, na kila baada ya mwendo mfupi yanashuka ngazi: kizingiti cha zege au mawe kimekatiza mto ng'ambo hadi ng'ambo, maji yanaporomoka kiasi cha urefu wa mtoto, halafu yanatulia tena. Baada ya saa moja masikio yalizoea. Ukikaribia kizingiti, mlio unapanda. Ukikipita, unasikia tena baiskeli na ndege.

Kingo zote mbili zina njia ya udongo. Leo nimekutana na yangeyange mmoja amesimama chini kidogo ya kizingiti, mguu mmoja majini, akingoja samaki anayeporomoka. Watoto wa shule ya awali wenye kofia za njano wakisukumwa kwenye toroli kama mikate, sita kwa mpigo. Na bibi mmoja aliyekuwa akitembea kinyumenyume, taratibu, kwa makusudi kabisa. Alipofika usawa wangu tukawa tunatazamana yeye akirudi nyuma na mimi nikienda mbele. Akanisalimia kwa kuinamisha kichwa bila kupunguza mwendo.

Kati ya daraja la Kitayama na la Kitaoji, ukingo wa mashariki, njia inapita chini ya mistari ya micheri ya matawi yanayoning'inia. Kila mtu ameniambia nimechelewa, ningekuja Aprili, micheri ikiwa na maua. Sawa, lakini Juni matawi yale yamefunga majani, na chini yake ni kivuli mfululizo, mimi peke yangu. Nyuma ya miti ndiyo bustani ya mimea ya mkoa, iliyofunguliwa mwaka 1924. Baada ya vita Wamarekani waliichukua wakajengea familia za askari wao nyumba, miti mingi ikakatwa, na wananchi hawakuingia tena hadi 1961. Nimeikumbuka tarehe hiyo kwa sababu ni mwaka wetu wa Uhuru. Kumbe kuna jambo jingine la mwaka huo lililokuwa likinisubiri mbele.

Siku ya pili: Kitaoji hadi makutano

Asubuhi nikajaribu. Niliketi kwenye mawe ya ukingoni, nikavua viatu, nikainua jiwe la ukubwa wa mkate. Chini yake: mchanga na konokono mmoja mdogo. Nikalitupa pembeni, chubwi, yangeyange akaruka. Nikainua la pili, hamna kitu. Nikavaa viatu.

Chini ya Kitaoji nikaona kichwa kikikata maji, masikio madogo, masharubu meupe. Nikadhani ni fisimaji. Akatoka akakaa kwenye majani akitafuna bua kwa mikono miwili, meno ya rangi ya chungwa: panya mkubwa, kama ndezi aliyevimba. Mzee mmoja aliyekuwa akivua akanionyesha kwenye simu jina lake, nutria. Asili yake ni Amerika ya Kusini, waliletwa kwa ajili ya manyoya, wakatoroka au wakaachwa, sasa wanakula mto kama wa kwao. Nikafikiria kumwambia kwetu mnyama wa aina hii ni kitoweo. Lugha haikutosha, na labda ni afadhali.

Mchana nimefika Demachi, mahali mto Takano unapoingia kutoka mashariki na mito miwili kuwa mmoja. Wenyeji huandika jina la mto huu kwa namna mbili. Huku juu, kwa herufi za Kamo, ukoo wa kale. Kuanzia makutano kushuka chini, kwa herufi ya bata. Ukitamka ni jina lilelile. Bata nimewaona sehemu zote mbili.

Pale kwenye ncha, mbele ya makutano, kuna mawe makubwa ya kuvukia yamepangwa majini, baadhi yamechongwa kwa umbo la kobe, mengine kwa umbo la ndege. Watoto wanarukaruka, wanafunzi wa chuo wanavuka na vitabu, mama mmoja alivuka na kikapu cha mboga bila hata kutazama chini. Mimi nilivuka kama anayepita juu ya mayai. Katikati nikagundua kwamba mawe yale hayakuwekwa kwa ajili ya michezo tu: yamekaa juu ya mkanda wa zege unaokatiza sakafu ya mto ili maji yasiichimbe. Ukisimama juu ya kobe utaona mstari wake chini ya maji.

Karibu na daraja kuna duka la vitobosha vya mchele wa kunata, Demachi Futaba, la tangu 1899. Foleni yake ilipinda kona. Nilisimama kwenye foleni kwa sababu watu wote walisimama, nikanunua vinne. Ni mchele uliotwangwa hadi ukawa laini kama sikio, ndani maharage matamu yaliyopondwa, na kwenye ngozi yake mbaazi nyekundu nzima zenye chumvi kidogo. Nikaenda kukaa kwenye nyasi za makutano. Kuna kibao kina picha ya mwewe, nami niliona picha hiyo na kupita nayo kama tunavyopita vibao. Nilikuwa nimekula kimoja. Cha pili kilikuwa njiani kuelekea mdomoni nikasikia upepo shingoni, kitu kikanigusa vidole kwa wepesi mno, bila kukwaruza, na mwewe akawa tayari yuko juu ya daraja na chakula changu. Wasichana wawili waliokuwa jirani waliziba midomo kwa mikono, kwa adabu, wakacheka mabegani. Nilikulia kwenye mialo ya dagaa, mwewe nawajua tangu utoto. Wa kwetu hukosea mara moja moja.

Vilivyobaki nilivila chini ya mti.

Jioni nikarudi kwenye msitu wa Tadasu, ulio katikati ya mito hiyo miwili kabla haijakutana. Ni msitu wa kweli, wenye miti mikubwa na ya kale, na umezungukwa na mji pande zote. Kijito kinapita ndani. Ilipofika saa mbili hivi giza likatulia, na kimulimuli wa kwanza akawaka juu ya maji. Wa hapa ni mkubwa na anawaka kwa kupumua: mwanga unajaa, unakaa, unafifia, halafu giza kwa muda wa kuhesabu mbili au tatu, kisha tena. Watu walikuwepo kama thelathini wamesimama kingoni na hakuna aliyewasha simu. Mtoto mmoja alianza kusema kitu, baba yake akamgusa bega, akanyamaza.

Siku ya tatu: makutano hadi Shijo

Leo nilikuwa na mtu. Kupitia wenyeji wetu wa mafunzo nilikuwa nimeomba kuonana na yeyote aliyewahi kukaa Mahale, na mzee mmoja, mstaafu, akakubali. Tulipanga kukutana kwenye daraja la Kojin saa tatu. Saa tatu kasoro dakika tano alikuwa amesimama pale, kofia ya jua, buti za mpira, taulo shingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umelala? Wewe ni wa mjini au wa kwa Watongwe?"

Kiswahili chake kilikuwa cha ziwani kabisa. Nikamwambia baba mkubwa wangu ni wa upande wa Buhingu. Akataka jina, nikalitaja. Akanyamaza akiangalia maji, akasema hakuwahi kufanya naye kazi, ila jina amelisikia. Hakujifanya kumjua. Nilimheshimu hapohapo.

Nikamweleza habari ya mawe. Akacheka. "Ah, hiyo ni ya Imanishi. Sisi wote tumefundishwa hivyo. Vua viatu."

Kinji Imanishi alizaliwa mji huu mwaka 1902. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa akiingia mto huu akiinua mawe na kuchunguza watoto wa wadudu waitwao kagero. Hawa wakiwa wachanga hukaa majini chini ya mawe muda mrefu, na wakishapata mabawa huishi siku chache tu, pengine moja. Wenzake walikuwa wakiwakusanya, wanawapa majina, wanafunga chupa. Yeye aliandika jiwe lenyewe lilikuwa wapi: ukingoni au katikati, kwenye maji yaliyolala au yanayokimbia. Akaona kwamba spishi nne zinazofanana, zote bapa, hazichanganyiki ovyo. Moja iko kando penye maji ya polepole, inayofuata ndani kidogo, nyingine zaidi, na ya nne pale mkondo unapokata. Zimegawana mto. Wajapani wana neno la mgawanyo huo, sumiwake: kila mmoja na makao yake.

"Sasa tazama," akasema mzee. Aliingia hatua mbili, akainua jiwe, akaligeuza mbele ya macho yangu. Sikuona kitu. "Subiri likauke kidogo." Kisha doa moja likatembea. Urefu wake haufiki ukucha wa kidole kidogo, bapa kabisa kana kwamba limekandamizwa kwa pasi, kichwa kipana, macho juu ya kichwa, miguu imelazwa pembeni kama ya kaa. Ubavuni vijani vidogo vinapepea, ndivyo anavyopumulia. Nyuma mikia, myembamba kama nywele.

"Hesabu mikia."

"Mitatu."

Akalirudisha jiwe. Hakulidondosha, alilikalisha upande uleule, palepale, akalisukuma kidogo mpaka likashika. Tukaenda katikati, maji yakinisukuma vigimbi, nikamshika mkono bila kujua nani anamsaidia nani. Ana miaka zaidi ya themanini. Akainua jingine. Mdudu huyu alikuwa amejibandika, hata nilipomgusa kwa ukucha hakusogea.

"Hesabu."

"Miwili."

"Basi. Umeona alichoona."

Jana mimi nilikuwa nimeinua mawe mawili pembeni kabisa, kwenye maji yaliyokufa, nikayageuza haraka na kusema hamna kitu.

Tukakaa ukingoni kukausha miguu na hapo akanimalizia kisa. Imanishi aliacha wadudu akahamia kwa wanyama wakubwa, farasi, kisha nyani wa Japani, akiuliza swali lilelile: nani anakaa wapi, na nani. Mwaka 1958 yeye na mwanafunzi wake Junichiro Itani walifika Afrika. Mwaka 1961 msafara wa Chuo Kikuu cha Kyoto ukaweka kambi Kabogo, pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, kutafuta sokwe, mwaka uleule tuliopandisha bendera. Kabogo hawakufanikiwa sana. Toshisada Nishida alipofika Kasoge, Mahale, mwaka 1965, alipanda miwa, na sokwe wakaja kwa miwa. Hifadhi ya taifa ikatangazwa 1985. Watongwe waliokuwa wakiishi humo walikuwa wamekwishaondolewa. Mzee alilisema hilo polepole, macho yake majini, na hakuongeza neno. Kwetu ni jambo linalosemwa kwa sauti zaidi.

"Jengo lile," akaonyesha nyuma yetu, ng'ambo ya barabara ya Kawabata, "ndiyo Kituo cha masomo ya Afrika cha chuo." Kilianzishwa 1986. Madirisha yake yanatazama mto. Nimepita mbele ya jengo hilo kwa basi mara nne wiki mbili hizi nikidhani ni ofisi ya bima.

Mchana tulitembea kwa mwendo wake, yaani wa kusimama. Chini ya daraja la Marutamachi kijana alikuwa akipiga tarumbeta akitazama nguzo. Mwangwi unamfunika makosa, mzee alieleza, na majirani hawalalamiki. Chini ya daraja lililofuata, mwingine, na saksafoni. Tangu Nijo kushuka, migahawa ya ukingo wa magharibi imetandaza majukwaa ya mbao kwa nguzo juu ya kijito kinachofuatana na mto, watu wanakula nje wapate ubaridi wa maji. Huanza Mei. Bei sikuitazama mara mbili.

Sanjo, kwenye daraja, ndipo ilipokuwa ikiishia barabara ya Tokaido kutoka Edo, mji unaoitwa leo Tokyo. Na kati ya Sanjo na Shijo, jua likishuka, wanakuja wapenzi. Hukaa kwenye ukingo wa mawe wakitazama maji, wawili wawili, na nafasi kati ya jozi na jozi inalingana. Nilihesabu hatua: nne, nne, tano, nne. Jozi mpya ikija inaketi katikati ya nafasi kubwa kuliko zote, na zingine zinasogea kidogo bila kuangaliana.

"Mzee," nikamwambia, "hawa nao ni kagero."

Akacheka hadi akakohoa, ikabidi akae. Na alipokaa, jozi ya kushoto ikasogea.

Siku ya nne: Shijo hadi Shimotoba

Mvua tangu alfajiri. Nimenunua mwavuli wa plastiki unaoonyesha mbingu, kama wa kila mtu.

Kwenye kona ya daraja la Shijo kuna sanamu ya Okuni, mwanamke aliyecheza ngoma zake kwenye kingo za mto huu mwanzoni mwa karne ya 17 na kuzaa mchezo wa jukwaani wa kabuki. Amesimama na upanga begani, maji yakimtiririka puani. Leo wanaocheza kabuki ni wanaume tupu, na ukumbi wao uko hapohapo ng'ambo ya barabara. Gojo nilipita bila kusimama.

Mto umebadilika. Jana ulikuwa magotini. Leo ni wa rangi ya chai ya maziwa na vizingiti havionekani, unaona mgongo tu pale maji yanapovimba. Mfalme Shirakawa, karne ya 11, inasemekana alitaja vitu vitatu visivyomtii: maji ya Kamo, dadu, na watawa wa mlima Hiei. Juni 1935 maji hayo yalichukua madaraja mengi ya mji, na ngazi zile zote nilizozisikia siku ya kwanza ni kazi iliyofuata: walichimba sakafu, wakapanua, wakapunguza mteremko. Mto niliouona mpole ulifundishwa upole.

Baada ya Shichijo watalii wanaisha. Reli, maghala, uwanja wa besiboli uliojaa madimbwi. Upande wa magharibi mfereji wa Takase, ulioanza kuchimbwa 1611 na mfanyabiashara Suminokura Ryoi, unakuja kuingia mtoni. Mashua zake zilikuwa bapa kwa chini kwa sababu mfereji haukuwa na kina. Zikivutwa na watu kwa kamba kutoka Fushimi hadi katikati ya mji, hadi 1920. Mnandi wawili walikuwa wamekaa juu ya bomba wametandaza mabawa kwenye mvua. Sijui walitegemea yakauke vipi.

Nilifika Shimotoba karibu saa kumi na moja, suruali imelowa hadi mapajani. Karibu hapa, Januari 1868, ndipo zilipolia risasi za kwanza za vita vilivyomaliza utawala wa mashogun, watawala wa kijeshi. Sasa ni majani marefu, tuta, na mto Katsura, mpana zaidi, unaoupokea Kamo bila kelele. Kuanzia hapo jina linapotea. Maji yataenda Yodo, kisha ghuba ya Osaka.

Kigoma ilikuwa saa tano asubuhi. Nikampigia baba mkubwa.

"Umefika kwenye mto wao?"

"Nimefika. Nimeumaliza."

"Umeinua jiwe?"

Nikamwambia habari ya mikia mitatu na mikia miwili. Alisikiliza yote. Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu akipiga mswaki ndoo ya bati.

"Na jiwe," akasema, "ulilirudisha?"

"Mzee alilirudisha."

"Nimekuuliza wewe."

Nikaangalia maji ya chai ya maziwa. "Yalikuwa mawili," nikasema. "Nilikuwa sijajua bado."

Akacheka kule, akaniambia nijikinge mvua, akakata simu. Kituo cha basi kilikuwa juu ya tuta. Nilipanda mlango wa nyuma.